Jinsi ya kulinganisha sheria za nchi mbalimbali kuhusu taarifa za watu kuvuka mpaka, kwa sisi tulioko Tanga

Wadau, hapa Tanga swali hili linaulizwa sana siku hizi, wenye zahanati wanauliza, wenye gesti za Raskazone wanauliza, mawakala wa forodha wanaoshinda Horohoro nao wanauliza, na wote wanauliza vilevile: "hivi nchi fulani inaruhusu taarifa za wateja zitoke nje?" Mtu anataka umwambie ndiyo au hapana aende zake. Shida ni kwamba karibu nchi zote hazina jibu moja. Nchi ileile inaweza kukubana kwenye rekodi za hospitali, ikakuachia majina ya wateja wa duka yaende popote kwa masharti mepesi, alafu ikifika kwenye malipo ya kadi ikasema hapa hakitoki kitu. Kwahiyo ukichukua sheria mbili ukaziweka mezani ukaanza kusoma kifungu kwa kifungu utachoka na hutapata kitu. Anza na taarifa moja, ifuate inakopita, na kila inapovuka mpaka ndo ufungue sheria ya upande ule na ya upande huu. Huu mwongozo ni wa namna hiyo.

Chukua karatasi, usikimbilie kompyuta kwanza. Chagua taarifa moja tu halisi kwenye kazi yako. Mimi ntatumia picha ya eksirei ya mgonjwa, mana huku kwetu watu wa Lungalunga na Horohoro wana ndugu pande zote mbili, wanatibiwa kote kote, na taarifa za afya ndo zinazouma zikivuja. Tuchukulie kliniki ya Lungalunga upande wa Kenya imepiga picha, inataka kumtumia daktari wa Tanga mjini aitazame. Chora: kliniki, simu au barua pepe inayobeba, kompyuta ya daktari, mfumo wa hospitali, seva ambako mfumo unahifadhi (nyingi zinazotumika huku ziko Ulaya au Afrika Kusini, Microsoft walifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024), alafu bakapu, yani kopi ya akiba, ambayo mara nyingi iko nchi nyingine kabisa na mwenye hospitali hajui. Na msimsahau fundi. Yule anayeingia kwenye mfumo kwa mbali akiwa Nairobi au Bangalore kurekebisha tatizo, akifungua faili akaliona kwenye kioo chake, kwa tafsiri ya wasimamizi wa Ulaya hiyo ni taarifa imeshasafiri, na China nao wanahesabu hivyohivyo, hata kama hakudownload chochote. Watu wengi wanachora seva tu wanamruka fundi, na pale ndo kuna mpaka wa tatu au wa nne.

Mzigo wa machungwa ukipita Horohoro una karatasi na muhuri, kila mtu anajua umevuka, taarifa inavuka kimya kimya mtu akiwa amekaa kwenye kiti, ndo maana lazima uchore mwenyewe.

Sasa fungua sheria ya upande inakotoka. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ilianza kutumika 25 Novemba 2019, na taarifa za afya kwao ni taarifa nyeti. Nyeti haitoki Kenya mpaka mwenyewe aridhie na uwe umethibitisha kwamba kule inakoenda kuna ulinzi wa kutosha. Hiyo moja. Ya pili iko kwenye kanuni zao za 2021, na hii wengi hawaijui kwasababu wanasoma sheria mama wanaishia hapo: kuna shughuli zimetajwa kuwa za maslahi makubwa ya nchi, kama usajili wa raia na vitambulisho, uchaguzi, elimu ya msingi, na huduma za afya za ngazi ya msingi na ya pili, na kwa hizo unatakiwa uchakate kwenye seva iliyoko Kenya au angalau kopi moja inayofanya kazi ibaki kwenye kituo cha data ndani ya Kenya. Kwahiyo picha yetu inaruhusiwa kwenda Tanga, mgonjwa akiridhia na ulinzi ukiwepo, na kopi ibaki kwao.

Alafu geuza. Daktari wa Tanga ameandika ripoti, anairudisha Lungalunga. Hapo sasa ni Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza 1 Mei 2023, na ukisoma vifungu vya 31 na 32 pamoja na kanuni za 2023 utaona habari ni tofauti kabisa. Sheria yetu haisemi kwa ujumla kwamba lazima kopi ibaki nchini. Inachouliza ni je nchi inakokwenda ina mfumo wa kutosha wa kisheria wa kulinda, kama hauna basi wewe umeweka ulinzi gani, na kanuni zinakutaka uombe kibali kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yani mgonjwa ni yuleyule, kidonda ni kilekile, kwenda ni ridhaa na kopi, kurudi ni utoshelevu na kibali. Mtu aliyeuliza "Kenya na Tanzania ipi kali zaidi?" hapo utamjibu nini? Zote zimebana, kila moja imebania pake.

Na tukiwa bado kwetu, kuna mpaka mwingine ambao watu wa Tanga hatuuoni kabisa kwasababu tunapanda boti tu. Pemba. Sheria yetu inatumika Bara na Zanzibar lakini kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Kwahiyo hospitali ya Tanga inayobadilishana rekodi na kliniki ya Wete isidhani moja kwa moja kwamba iko chini ya kanuni moja mwanzo mpaka mwisho. Weka mstari wake kwenye jedwali, peke yake.

Nimesema jedwali, sasa fungua Excel. Mistari kwenda chini iwe zile hatua ulizochora, kila kuvuka mpaka mstari mmoja, usiandike "Kenya" kisha "Tanzania", andika "Kenya kwenda Tanzania, ripoti ya afya". Safu za kwenda pembeni mimi nashauri hizi zifuatazo, na ntakaa zaidi kwenye zile zinazoleta matatizo.

Safu ya kwanza, taarifa ikae wapi. Hapa nchi zinapangika kwa ngazi. Kuna zinazofunga kabisa kwa aina fulani: Benki Kuu ya India ilitoa agizo Aprili 2018 kwamba data za malipo zihifadhiwe India tu, na Julai 2021 Mastercard walizuiwa kuchukua wateja wapya kule kwa kutotimiza, mpaka Juni 2022 ndo wakafunguliwa. Kuna zinazotaka rekodi ya kwanza iwe kwao, Urusi tangu 1 Septemba 2015 wanataka taarifa za raia wao ziandikwe kwanza kwenye hifadhi zilizoko Urusi, LinkedIn hawakufuata wakafungiwa Novemba 2016. Rwanda kwenye sheria yao ya Oktoba 2021 wameandika kwamba taarifa binafsi zihifadhiwe Rwanda, na ukitaka kuhifadhi nje uwe na cheti cha usajili kinachokuruhusu kutoka kwa mamlaka yao. Kenya kwa zile shughuli maalum wanataka kopi. Halafu Tanzania na Umoja wa Ulaya kwa taarifa za kawaida hawakuambii seva iwe wapi, wanakuwekea mlango wenye masharti. Kwenye safu hii andika tu: imefungwa, ya kwanza hapa, kwa cheti, kopi, au mlango. Usiandike "kali" au "legevu", hayo maneno hayakusaidii siku ya kufanya maamuzi.

Safu ya pili ni mlango wenyewe ukoje. Hapa soma vizuri sana. Nchi nyingine mlango umefungwa mpaka upate sababu ya kuufungua, nyingine uko wazi mpaka serikali iufunge. Ulaya ni ile ya kwanza: taarifa inatoka bila shida ikienda nchi ambazo wao wenyewe wamezikubali kwamba zinalinda vya kutosha, Japani, Korea Kusini, Uingereza, Argentina, New Zealand na nyingine chache, na Afrika hawajamkubali yeyote. Kwahiyo sisi tunapokea kutoka kwao kwa njia ya mikataba, kuna vifungu vya mkataba vilivyotungwa na Kamisheni ya Ulaya, toleo linalotumika ni la Juni 2021. India kwa sheria yao ya jumla ya 2023 wako kinyume, taarifa inaenda popote isipokuwa nchi ambazo serikali itazitaja. Ona hapo, India ileile iliyofunga malipo kabisa. Ndo nilichosema mwanzo.

Na China mlango unategemea idadi. Tangu Machi 2024, kampuni ya kawaida ikipeleka nje taarifa zisizo nyeti za watu chini ya 100,000 kwa mwaka haihitaji tena mlolongo wao, ikizidi hapo inaingia kwenye mkataba uliosajiliwa au cheti, ikizidi 1,000,000 inakwenda kwenye ukaguzi wa usalama wa serikali. Kwahiyo kama nchi ina mizani ya idadi, kwenye safu hii lazima uandike na idadi yako wewe.

Hapa wenye gesti nao wasikilize kidogo. Mgeni wa Ujerumani akifika kaunta akakupa pasipoti mwenyewe, wewe umechukua taarifa kwake moja kwa moja hapa Tanga, unafuata sheria ya Tanzania, na kwa Ulaya hiyo si usafirishaji, mana hakuna kampuni ya Ulaya iliyokutumia. Lakini mgeni huyohuyo akibuku kupitia jukwaa lililoko Uholanzi, jina lake na simu yake zikatumwa kwako na lile jukwaa, hapo wao wamesafirisha taarifa kuja Tanzania na lazima wawe na msingi wa kisheria, na msingi wenyewe mara nyingi uko ndani ya ule mkataba mrefu ulioubonyeza "nakubali" siku unajiunga. Ufungue usome. Utakuta umeahidi kutoipeleka kwa mtu mwingine bila masharti yaleyale, na wewe huku unaiposti kwenye grupu la WhatsApp la madereva wa kupokea wageni. Hiyo ndo inaitwa kuendelea mbele, taarifa kutoka kwa aliyepokea kwenda kwa wa tatu, na ni safu ya tatu kwenye jedwali lako. Mimi naona ndo safu inayosahaulika kuliko zote na ndo inayoumiza watu kweli, kwasababu kuvuka kwa kwanza kuna mkataba na mwanasheria, kuvuka kwa pili kuna simu ya kijana wa mapokezi.

Sasa safu ya nne, sheria za sekta. Naomba msiiruke. Mwaka 2017 mdhibiti wa mawasiliano Rwanda, RURA, aliipiga MTN Rwanda faini ya faranga za Rwanda zaidi ya bilioni 7 kwa kuhamishia mifumo yake ya TEHAMA Uganda. Angalia mwaka. Sheria yao ya taarifa binafsi ni ya 2021. Kilichowakamata ni masharti ya leseni ya simu. Mtu ambaye angelinganisha nchi hizi mwaka ule kwa kutafuta "sheria ya ulinzi wa data" tu angekuta ukurasa mweupe akaandika "hakuna zuio". Kwahiyo kila nchi baada ya kusoma sheria ya jumla nenda kwa mdhibiti wa sekta yako: ukigusa pesa, hata kama ni SACCOS ndogo ya Ngamiani, uliza Benki Kuu, ukigusa mawasiliano, TCRA, ukigusa wagonjwa, Wizara ya Afya. Na leseni yako mwenyewe isome, masharti mengine yako mle mle.

Safu ya tano ni adhabu, na hapa usiandike namba tu, andika na namna inavyohesabiwa. Kenya faini ya kiutawala inafika shilingi milioni 5 za kwao au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, na wanachukua iliyo ndogo. Ulaya ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, wanachukua iliyo kubwa. Neno moja tu la ndogo na kubwa limegeuza kila kitu, ndo maana Meta, wenye Facebook, walipigwa euro bilioni 1.2 Mei 2023, na kosa lilikuwa hilihili la kupeleka taarifa za watu wa Ulaya Marekani. Kwetu Tume inaweza kutoza mpaka shilingi milioni 100, na kuna makosa ya jinai ya kutoa taarifa kinyume cha sheria ambako mtu binafsi anaweza kufungwa mpaka miaka 10 na kampuni kutozwa mpaka bilioni 5. Pembeni weka kisafu kidogo: imeshatumika au bado.

Safu ya sita inahitaji akili iliyotulia. Nani anaweza kuidai hiyo taarifa ifunguliwe? Watu wengi wanadhani seva ikiwa nchini basi taarifa iko salama na ni yetu. Si lazima. Marekani wana sheria ya Machi 2018 inayoitwa CLOUD Act, kampuni iliyo chini ya mamlaka yao ikidaiwa data kihalali inatakiwa itoe hata kama seva iko nje ya Marekani. Kwahiyo seva ya kampuni ya Kimarekani ikikaa Dar es Salaam bado ina milango miwili. Na upande mwingine, tangu Februari 2018 iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya simu za Apple, kwa watumiaji wa China bara inaendeshwa na kampuni ya Guizhou inayohusiana na serikali ya jimbo, taarifa zimebaki nchini kwao kabisa, je mwenye simu amelindwa zaidi? Mimi jibu langu ni kwamba mahali pa seva ni swali moja na ulinzi wa mtu ni swali lingine, na ukiyachanganya kwenye safu moja jedwali lako litakudanganya. Wapo waliocheza na hili kwa ustadi, Estonia waliweka makubaliano na Luxembourg mwaka 2017 wakahifadhi kopi za mifumo ya serikali yao kule kwenye kituo chenye kinga kama ya ubalozi, yani data iko ng'ambo lakini mamlaka ni ya Estonia. Nadhani nchi zetu za Afrika Mashariki zingefaa kuliangalia hilo kwa makini.

Ila nisieleweke kwamba nachukia kopi kubaki nchini, hapana. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tuliona wenyewe intaneti ilivyozorota nchi nzima. Kama rekodi za mgonjwa wa presha ziko Ulaya pekee yake, siku ile daktari anafanyaje? Kwa afya mimi naona utaratibu wa Kenya wa kopi moja hai nyumbani una maana sana, unampa mgonjwa uhakika bila kumzuia daktari wa ng'ambo kusaidia. Zuio kamili ndo silipendi, hasa kwa biashara ndogo, mana kampuni kubwa itajenga kituo, zahanati ya Pongwe haitajenga, itahamia kwenye daftari au itavunja sheria kimya kimya, na vyote viwili vinamuumiza mgonjwa yuleyule tuliyesema tunamlinda. Na ridhaa nayo, jamani, mtu ana homa umempa fomu ya kurasa nne asaini, hiyo ridhaa gani. Kama nchi inategemea ridhaa peke yake kama mlango, weka alama nyekundu.

Mikataba ya kimataifa ipitie haraka tu. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaohusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, ulipitishwa Juni 2014 ukaanza kutumika 8 Juni 2023, na eneo huru la biashara Afrika nalo lilipitisha itifaki ya biashara ya kidijitali Februari 2024. Angalia nchi zako zimeridhia au la, andika, songa mbele, kwa sasa kazi yako ya kila siku inaamuliwa na sheria za nchi.

Safu ya mwisho ni tarehe uliyosoma. Ulaya na Marekani walikuwa na makubaliano ya kupitisha taarifa tangu 2000, mahakama kuu ya Ulaya ikayafuta 6 Oktoba 2015, wakatengeneza mengine 2016, yakafutwa 16 Julai 2020, wakatengeneza ya tatu Julai 2023. Kampuni zilizoandika "Marekani: inaruhusiwa" bila tarehe ziliamka asubuhi zikiwa zinavunja sheria. Jedwali lako lipitie upya kila leseni inapohuishwa au ukibadilisha mfumo.

Ukishajaza, kila mstari chukua sharti gumu zaidi kati ya nchi mbili na ulifanye ndo utaratibu wako, mfano wetu wa eksirei unakuwa: ridhaa fupi kwa Kiswahili inayotaja nchi inakokwenda, kopi ibaki kwenye kituo cha data Kenya, kibali cha Tume kwa njia ya kurudi, na faili lisipitie simu binafsi ya mtu. Usijisajili nusu nusu pia, kwetu mkusanyaji na mchakataji wa taarifa wote wanatakiwa wasajiliwe na Tume, cheti ni cha miaka 5.

Kabla hujasaini na muuza mfumo yeyote mtumie maswali kwa maandishi: seva kuu iko nchi gani, bakapu iko nchi gani, mafundi wanaingia kutoka wapi, kampuni mama imesajiliwa wapi, serikali ya nchi nyingine ikidai data mtatujulisha au la, na tukiachana taarifa zetu tunarudishiwa kwa muda gani na nyie mnafuta lini. Akikujibu "iko klaudi" mwambie ataje mji, na jibu lake libandike kwenye jedwali palepale kwenye mstari husika.